Safari Isiyokuwa ya Kukimbia

Katika jiko la nyumba moja ya kulelea wazee, huko Inver Grove Heights, Minnesota, Marekani, walifanya kazi wanawake wawili ambao hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiingereza cha kuokoteza. Mmoja alikuwa Emérance, mzaliwa wa Goma nchini Kongo, mjane aliyeivuka miaka hamsini, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayejua anakokwenda hata kama ametumwa kutupa takataka. Wa pili alikuwa Eulalia, mtu wa Guatemala, mfupi wa kimo na mwepesi wa mikono, ambaye angeweza kumenya gunia la viazi huku akisimulia hadithi asikatike pumzi.

Siku moja ya baridi kali, theluji imeziba madirisha, Eulalia alimsimulia mwenzake habari za kwao. Alisema kijiji chao kiko kando ya ziwa, na ziwa lenyewe limezungukwa na milima ya moto. Asubuhi maji yametulia kama mafuta kwenye bakuli, ikifika mchana upepo unaamka na wavuvi wanarudi nchi kavu. Udongo ni mweusi, maharagwe yanaota bila kubembelezwa. Mara nyingine ardhi inatikisika, vikombe vinagongana kabatini, watu wanatoka nje, kisha wanarudi ndani kumalizia chakula chao.

Emérance aliweka kisu chini. Alidhani mtu amemhadithia Eulalia habari za Ziwa Kivu, naye sasa anamrudishia. Akamuuliza kama wanakula samaki wadogo wadogo, wa kukaangwa wazima na kutafunwa na vichwa vyao. Eulalia akasema ndiyo, ni hao hao. Kuanzia siku ile urafiki wao ukawa wa watu wa nyumba moja. Wazee walipelekewa supu yao kila adhuhuri, na hakuna aliyejua kwamba supu ile ilipikwa katikati ya maziwa mawili na volkano nyingi.

Emérance alikuwa na mtoto mmoja tu, Gentille, mwalimu wa darasa la nne huko Apple Valley. Baba yake Gentille, marehemu Ildephonse, alizikwa Uganda walipokuwa kambini, kabla ya kupata nafasi ya kuja Minnesota. Gentille alikuwa binti mwema, mwenye heshima, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimebaki masikioni. Mama akisema, yeye anaelewa neno kwa neno, kisha anajibu kwa Kiingereza. Emérance alikuwa amezoea. Walizungumza hivyo miaka nenda rudi, kila mmoja kwenye ukingo wake wa mto, na maneno yakivuka salama.

Mwaka ule ulikuwa na mambo mawili. Emérance alikula kiapo cha uraia na kupata pasipoti, ya kwanza maishani mwake. Aliishika kwa mikono miwili, akaifungua na kuifunga, akaiweka ndani ya Biblia. Jambo la pili lilikuwa la Eulalia. Baada ya kusubiri miaka ambayo hata yeye hakupenda tena kuihesabu, alipata karatasi za kumruhusu kutoka nchini na kurudi. Mama yake alikuwa bado hai kule ziwani, mzee sana, na hawakuwa wameonana tangu Eulalia akiwa msichana.

Ajabu ni kwamba Eulalia, baada ya kuomba safari hiyo kwa Mungu usiku na mchana, sasa aliiogopa. Alisema hajui atafika na uso gani. Huenda mama asimtambue. Huenda yeye mwenyewe ashindwe kupiga hodi. Emérance alimsikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye aproni, akamwambia kwamba watakwenda pamoja, na Gentille atakuja nao shule zikifungwa mwezi wa tatu. Na kwa kuwa wanakwenda, basi wataona na milima, na miji ya kale, na kila kitu ambacho Eulalia amekuwa akikisimulia juu ya viazi.

Habari hiyo ilipofika kanisani, ilizua kicheko. Misa ya Kiswahili huko Saint Paul huwakusanya watu wa Goma, wa Bukavu, wa Uvira, na Wakenya wachache, na baada ya misa watu hukaa ukumbini kunywa chai na kupashana habari. Kiongozi wa chama cha watu wa Goma alikuwa Bwana Rigobert, mtu wa maneno, asiyekosa methali mfukoni. Alimuuliza Emérance mbele ya watu kama ni kweli anakwenda kutalii volkano. Alipoambiwa ni kweli, akatikisa kichwa.

"Mama Gentille," alisema, "aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Wewe umeumwa, na unapanda ndege kumfuata nyoka shimoni mwake?"

Ukumbi ulicheka. Mama Uwineza, rafiki yake wa tangu kambini, aliongeza kwamba watu wao husafiri kuzika au kuozesha, na kwamba kutazama milima ni kazi ya Wazungu. Emérance naye alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha akaweka kikombe chake mezani.

"Nilitoka Goma kwenda Gisenyi nikikimbia moto wa volkano. Nikatoka Goma tena kwenda Uganda nikikimbia bunduki. Nikatoka Uganda kuja hapa nikikimbia njaa ya kambi. Safari zangu zote nimesukumwa. Hii moja ninakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, na nitarudi nikitaka. Sasa mniombee njia njema."

Kicheko kilikatika. Padri, aliyekuwa karibu na birika la chai, ndiye aliyeitikia amina wa kwanza.

Waliondoka Minneapolis theluji ikiwa bado imelala barabarani kama majivu, wakashuka Guatemala kwenye jua. Eulalia alitaka wapumzike kwanza Antigua, mji mkongwe ulio chini ya milima, kabla ya kumkabili mama yake. Wenzake walielewa kwamba anajipa muda, wakakubali.

Antigua ulikuwa mji wa magofu. Zamani za Wahispania tetemeko kubwa liliuangusha, na makanisa yake mengi hayakusimamishwa tena. Waliingia kwenye gofu la kanisa kuu. Nguzo zilikuwa zimebaki, nene kama mibuyu, lakini kuba zilikuwa zimefunguka, na mahali palipokuwa na dari palikuwa na mbingu. Chini pamefagiwa. Mlangoni kulikuwa na mlinzi aliyevaa sare. Watalii walipita polepole, wakinong'ona kama watu walio kwenye ibada.

Emérance alisimama katikati kwa muda mrefu. Alikumbuka kanisa kuu la Goma, alikofunga ndoa na Ildephonse na ambako Gentille alibatizwa, ambalo lava ililipitia na kuliacha kuta tupu. Kwa miaka mingi aliliona lile kama aibu, kitu cha kupita haraka bila kutazama. Hapa watu walitoka pembe zote za dunia kuja kuangalia kuta kama zile, na waliozizunguka, wauza matunda na wafuma nguo, walitembea vichwa juu kwa sababu zilikuwa zao.

Alimwambia Gentille kwamba kwao pia kuna kanisa kama hili, na kwamba yeye alibatizwa humo. Gentille aliuliza kwa Kiingereza mbona hakuwahi kuambiwa. Emérance alisema tu kwamba mtu hawezi kumsimulia mtoto kila kitu akiwa bado anakimbia naye.

Kesho yake walikwenda Pacaya. Huo ni mlima wa moto usio mrefu sana kwa milima ya huko, lakini hauna usingizi mzito. Miaka michache tu nyuma ulimwaga lava hadi kwenye mashamba ya watu. Njia ya kupanda huanzia kijijini, na hapo kijijini wenye farasi huwasubiri watalii, wanawafuata nyuma hatua kwa hatua wakiwaita, wakijua kwamba kwenye mwinuko wa pili au wa tatu wenye kiburi watasalimu amri.

Mwenye farasi mmoja alimtazama Emérance, akapima umri wake kwa macho, akamfuata yeye. Emérance alikataa. Magoti yalianza kumlalamikia mapema, na vumbi jeusi la volkano lilikuwa likimrudisha nyuma nusu ya kila hatua, lakini alikataa tena. Gentille alimsihi apande farasi, hakuna atakayemcheka. Emérance alivuta pumzi, akamwambia Eulalia amtafsirie yule bwana kwamba farasi wake ni mzuri sana, ila leo akapumzike. Bwana yule akacheka, akaendelea kufuata, safari hii kwa udadisi.

Miti ilikwisha. Mbele yao kulifunguka uwanja mweusi, mawe juu ya mawe, yaliyojikunja na kuganda kama matumbo ya ng'ombe, na kati ya nyufa moshi mwembamba ukitoka. Ndipo upepo ulipogeuka na kuwaletea harufu ya kiberiti.

Emérance alisimama ghafla. Hakuwa amejiandaa kwa harufu. Macho yalikuwa yamejiandaa, magoti yalikuwa yamejiandaa, lakini pua ilimchukua moja kwa moja ikamrudisha Goma, mtaa wa Murara, na kwa kitambo hakumwona mtu yeyote aliyekuwa mbele yake. Mkono wake ulikwenda mgongoni wenyewe, kama wa mama anayehakikisha mtoto bado yupo.

Kiongozi wa msafara, kijana mmoja aliyeitwa Baltazar, hakuliona hilo. Alikuwa akifanya kama anavyofanya kila siku. Alifungua mfuko, akagawa vijiti na peremende nyeupe laini, zile ambazo Wamarekani huchoma kwenye moto wa kambi, akawaonyesha watalii ufa ambao joto lake linatosha. Watu waliinama, wakachoma peremende, wakapigana picha, wakafurahi. Emérance aliwatazama. Hakujua akasirike au acheke. Moto kama huu ulikuwa umeula mtaa mzima, na watu hawa walikuwa wakichomea peremende juu yake. Alikwenda kando, akakaa juu ya jiwe, akawageuzia mgongo.

Gentille alimfuata. Alikaa chini, karibu na miguu ya mama yake, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo. Kisha akasema, polepole, kwa Kiswahili kilichotoka kimekwaruzika kama mlango usiofunguliwa muda mrefu:

"Mama. Ile siku ya moto. Mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu," alisema Emérance.

Basi akamsimulia. Alikuwa na meza ya vitenge sokoni Birere. Ildephonse alikuwa amesafiri kwenda Bukavu. Watu walianza kupiga kelele kwamba mlima umepasuka, na yeye hakuamini hadi alipoiona lava yenyewe ikishuka barabarani. Haikukimbia. Ilikuja kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na kila ilichokikaribia kiliwaka kabla haijakifikia. Alimfunga Gentille mgongoni, akajitwika mzigo wa vitenge, akaingia kwenye umati uliokuwa ukielekea mpakani. Njiani umati ulibana, mtoto akaanza kukosa pumzi, naye akauacha mzigo uanguke. Hakugeuka kuutazama. Walilala nje, Gisenyi, upande wa Rwanda, kwenye nyasi, wakiangalia mji wao ukiwaka.

Waliporudi ardhi ilikuwa bado ya moto, na ndara zake za plastiki zililainika nyayoni. Nyumba haikuwepo. Ilikuwa chini, imezikwa, bati moja tu limechomoza. Ildephonse aliporudi alikaa juu ya jiwe siku nzima bila kusema. Emérance alikwenda kuazima nyundo.

"Niliponda mawe," alisema. "Mimi na wanawake wa Murara. Tuliponda lava ile ile, tukaipanga kuwa kuta. Baba yako alipoona ukuta umefika kiunoni, ndipo aliposimama akaja kusaidia. Ile nyumba uliyokulia, chini yake kuna nyumba nyingine."

Gentille alimwangalia. Alizikumbuka kuta zile. Alikuwa akichora juu yake kwa chaki, kwa sababu zilikuwa nyeusi kama ubao wa shule, na pale ndipo alipoanza kucheza mchezo wa kuwa mwalimu, akiwafundisha majirani wadogo. Siku zote alidhani baba ndiye aliyeijenga. Siku zote alidhani mawe meusi ni mawe ya kawaida, na kwamba kila mji duniani una nyumba nyeusi.

"Ni wewe?" aliuliza. "Kwa mikono?"

Emérance alimnyooshea viganja. Gentille alivishika, akavigeuza huku na huku kama mtu anayevisoma. Kisha akainuka, akaenda kwa watalii na kwa Baltazar, akawaambia kwa sauti ya mwalimu, ile inayonyamazisha darasa, kwamba mama yake anatoka Goma, kwamba volkano iliifunika nyumba yake, na kwamba aliyavunja mawe ya volkano hiyo akajenga nyingine juu yake. Eulalia alimtafsiria Baltazar kwa Kihispania. Emérance hakuelewa yote yaliyosemwa, lakini aliiona shingo ya binti yake jinsi ilivyonyooka, akajua yanahusu nini.

Baltazar alivua kofia. Alikuja hadi kwenye lile jiwe, akasema kwamba mjomba wake alikuwa na shamba la kahawa na maparachichi upande wa pili wa mlima, na lava ililifunika lote. Tangu hapo mzee hutoka kila asubuhi, hulitazama shamba lililogeuka jiwe, na kurudi kulala. Wanasema ardhi ile imekufa.

"Mwambie haijafa," Emérance alimwambia Eulalia. "Mwambie Goma watu wanaishi juu yake, wanaoa juu yake. Jiwe lile ni jepesi na linashika saruji vizuri. Na maua yanaanza kuota kwenye nyufa kabla mtu hajafikiria. Mwambie mjomba aazime nyundo."

Baltazar alisikiliza tafsiri hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha, kwa kutojua afanye nini na mikono yake, akamnyooshea kijiti kilichobaki, chenye peremende nyeupe kwenye ncha. Wote wakasubiri waone kama mama huyu ataudhika.

Emérance alikitazama kijiti. Akasimama, akajishika magoti, akakanyaga lava kwa uangalifu hadi kwenye ufa.

"Volkano ilikula vitu vyangu vyote," alisema. "Leo acha inipikie."

Eulalia ndiye aliyeanza kucheka, kisha Gentille, na walipotafsiri wakacheka wote, hata yule mwenye farasi aliyekuwa amewafuata hadi juu bila abiria. Peremende iliungua upande mmoja. Emérance aliila yote. Alisema ni tamu kupita kiasi, na ingefaa kupunguzwa sukari. Aliushuka mlima kwa miguu, taratibu, binti yake ameshika kiwiko chake, na kule bondeni milima mingine ilikuwa imesimama safu, mmoja ukitoa moshi kama mzee anayevuta kiko.

Baada ya hapo Eulalia hakuwa na udhuru tena. Alisema mwenyewe, kwenye gari la kuelekea ziwani, kwamba kama Emérance ameweza kuinusa harufu ile, yeye ataweza kupiga hodi. Waliliona ziwa kutoka juu, kwenye kona ya barabara, na Emérance alimwomba dereva asimame. Lilikuwa kubwa na la buluu, milima imelisimamia kama wajomba wa bibi harusi. Halikuwa Kivu. Alilitazama lote, mwanzo hadi mwisho, akakiri moyoni kwamba ni zuri karibu kama la kwao.

Mama yake Eulalia alikuwa amekaa kizingitini, mdogo kama mtoto, amevaa nguo iliyofumwa kwa picha za ndege wa rangi. Hodi haikuhitajika. Alimwona Eulalia akishuka kwenye mtumbwi wa mashine, akamwita kwa jina la utotoni kabla hajafika nchi kavu. Waliobaki walishughulika na mizigo ili kuwapa nafasi.

Jioni, juu ya samaki wadogo wa kukaanga, mama yule aligeukia wageni. Alizungumza lugha ya kikwao, si Kihispania, na Eulalia akawa na kazi ya kutafsiri mambo yanayomhusu yeye mwenyewe. Mama alitaka kujua binti yake ni mtu gani huko ng'ambo. Emérance alijibu kama anavyojibu shahidi. Alisema kuna wazee wengi katika nyumba ile ambao watoto wao hawaji, na wazee hao humwita Eulalia kwa jina, na kuna mmoja asiyekubali kula mpaka Eulalia atoke jikoni amsalimie. Alisema, "Mama, umezaa mtu." Eulalia alitafsiri sehemu ile huku ameinamisha uso. Mama mzee aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mshipi wa kufuma, mwekundu, akamfunga Emérance kiunoni kwa mikono yake.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, theluji ya Saint Paul ilikuwa imeanza kuyeyuka na maji yalikuwa yakitiririka kando ya barabara. Emérance aliingia kwenye misa amevaa kitenge chake cha sikukuu na mshipi ule juu yake. Baada ya misa Gentille aliunganisha simu yake na televisheni ya ukumbi, akasimama mbele ya watu wazima wote, akaanza kueleza picha moja moja kwa Kiswahili. Alikosea ngeli, aliita magofu "nyumba kufa", akasahau neno la mshipi. Hakuna aliyecheka. Mama Uwineza alijifuta macho, akasema ni vumbi. Ilipofika picha ya kuta nyeusi za Murara, ambayo Gentille aliipata kwa binamu yake aliyebaki Goma, watu waliomjua Emérance miaka yote ile walimgeukia, kwa sababu na wao hawakuwahi kuambiwa ni nani aliyezijenga.

Bwana Rigobert alikaa kimya kuliko kawaida yake. Mwishoni alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mtu mwenye magoti mabaya anaweza kuupanda mlima ule.

"Farasi wapo," alisema Emérance. "Lakini anza mazoezi."

Sasa, Jumamosi asubuhi, ukipita kwenye ngazi ndefu zinazopanda kutoka mtoni kuelekea mjini Saint Paul, utakutana nao: wanawake wa Goma na Bukavu na raba zao mpya, Mama Uwineza akiomba mapumziko, Eulalia akisimulia, Bwana Rigobert nyuma kabisa akitafuta methali ya kumsaidia kupumua. Mbele yao anatangulia mama mmoja mrefu. Haendi haraka, wala hageuki nyuma.